Fitina ya Don Basilio na mtambo wa kusawazisha sauti

Ukitaka kujua kama fundi wa matangazo ya mtandaoni ana sikio la muziki, mpe arushe "La calunnia".

Ni wimbo wa Don Basilio, mwalimu wa muziki katika Il barbiere di Siviglia, opera ya vichekesho ya mtunzi Mwitalia Rossini iliyoonyeshwa mara ya kwanza Roma, Februari 20, 1816, ikazomewa. Basilio anamfunza Dakta Bartolo namna ya kummaliza mtu: mzushie. Fitina, anasema, huanza kama kijiupepo, hupenya masikioni, huvimba, kisha hulipuka kama mzinga. Aliyekulia uswahilini hahitaji tafsiri.

Rossini huchukua kifungu kifupi cha muziki na kukirudiarudia, kila mara akiongeza vyombo na nguvu. Vyombo vya nyuzi huanza kwa kunong'ona. Kichekesho kiko hapo: upuuzi unakua mbele ya masikio yako. Na katika konseti ya vipande teule hakuna mavazi wala mapambo ya jukwaa, na mazungumzo ya kuimbwa yanayounganisha visa huwa yamekatwa. Mzaha wote unabebwa na muziki peke yake.

Sasa, programu nyingi za kurushia matangazo husawazisha sauti zenyewe: ndogo huipandisha, kubwa huibana. Kwa hotuba ni msaada. Kwa Rossini ni msiba. Mara ya kwanza niliporusha vipande vya opera hii, mwimbaji wa bezi (sauti nzito ya kiume) na piano tu, nilisahau kuzima usawazishaji huo. Ukumbini watu walikufa kwa kicheko. Kesho yake nikasikiliza rekodi: kijiupepo na mzinga vina ukubwa uleule! Kibaya zaidi, kichuja kelele kilidhani minong'ono ya piano ni mvumo wa feni, kikaifuta.

Siku hizi nazima vyote viwili, kisha napima kuanzia mwisho. Kwenye majaribio namwomba bezi aanze na ule mlipuko, nauweka desibeli 6 hivi chini ya kikomo ambacho sauti ikikipita hukwaruza, basi. Mwanzo utakuwa mdogo mno kwa spika ya simu, na lazima atatokea wa kuandika "hatusikii". Kwa hiyo kabla ya wimbo naweka maandishi kwenye skrini: vaa spika za masikioni, usiongeze sauti. Basilio akianza, naondoa mikono kwenye miksa, naikalia mikono yangu.