Mwaka wa kazi wa wataalamu wa misitu Nyanda za Juu Kusini

Wananchi wengi humwona mtaalamu wa misitu mara moja kwa mwaka, tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Lakini Mufindi, Njombe na Makete, ambako mvua huanza Novemba, mkulima makini wa paini anakuwa ameshapanda kati ya Desemba na Februari. Kwake yeye, Aprili ni mwezi wa kujiandaa na moto. Ndiyo maana nashikilia kwamba wataalamu wa kanda hii ya Tanzania, wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), halmashauri, vyuo na mashamba binafsi, wanapokaa kama chama kupanga mwaka, waanze na kalenda ya mkulima, kisha sherehe zifuate.

Moto ndio unaotutia hasara kuliko kitu kingine. Mara nyingi hauanzii kwenye miti. Unaanzia kwa jirani anayesafisha shamba kwa kuchoma, kwa mrina asali, au kwa mfugaji anayetaka nyasi changa ziote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya uchomaji, ila sheria peke yake haizimi moto wa Septemba wenye upepo nyuma yake. Kinachosaidia ni barabara ya kuzuia moto, yaani ukanda mtupu kuzunguka shamba, iliyofyekwa kabla nyasi hazijakauka.

Hapo ndipo mkulima mdogo anapokwama, na ana haki. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina takribani mita 64 kila upande. Ukiacha mita 5 kuizunguka yote, umepoteza zaidi ya robo ya shamba. Wakiungana majirani wenye ekari 25 zilizopakana wakafyeka barabara moja ya upana huohuo kuzunguka zote, eneo linalopotea ni kama asilimia 6 tu. Kuwakutanisha majirani hao mbele ya serikali ya kijiji, mwezi Aprili au Mei, ni kazi ya kitaalamu hasa. Ningependa kuiona juu kabisa kwenye mpango wa chama, pamoja na majina ya vijiji na ya wanaohusika.

Jambo la pili ni mauzo. Inauma kuona familia iliyopalilia na kupogolea kwa miaka mingi ikiuza shamba zima kwa bei ambayo dalali ameikadiria kwa macho. Kupima si kugumu. Chukua kamba ya mita 5.64, simama sehemu moja, zungusha duara: hapo una mita za mraba 100. Hesabu miti iliyomo, pima kipenyo cha kila mmoja kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha rudia sehemu kadhaa za shamba bila kuchagua zilizonona. Miti 11 ndani ya duara ni sawa na miti 1,100 kwa hekta, yaani kama 445 kwa ekari. Na kumbuka, mti wa kipenyo cha sentimita 30 una eneo la mkato wa shina mara nne ya ule wa sentimita 15, si mara mbili. Anayekata paini ya miaka minane kwa sababu ya ada ya shule anauza sehemu ndogo sana ya kile ambacho shamba lingempa angesubiri. Shida ya ada ni ya kweli. Kukata sehemu tu ya shamba, au kuuza miti ya kupunguza, ile inayoondolewa ili iliyobaki ipate nafasi, mara nyingi kunatosha.

Kuhusu wadudu nitasema kwa kifupi. Kidukari cha saiprasi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa miti hiyo, kilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 kilikuwa Kenya. Wataalamu wa nchi jirani wasipopashana habari mapema, kila mmoja huanza upya na tatizo ambalo mwenzake analijua tayari. Ukiona vilele vya miti yako vinakuwa vya kahawia na mvua bado ipo, usisubiri.

Ofisi ya misitu ya wilaya iko wazi kwako. Nenda kabla ya Mei, ukiongozana na majirani unaopakana nao, na muulize ofisa misitu mambo mawili: lini atafika kijijini kwenu kuhusu barabara za moto, na nani atawafundisha kupima miti kabla mnunuzi hajaja.