Juu ya nini GPS inadanganyika, na nani anaweza kuigundua?

Uko Birere, mtaa wa Goma, umesimama pale pale, GPS ya simu inasema uko katikati ya Ziwa Kivu. Wengi hapa Goma wananiulizaka kama ni rezo mbaya. Mara nyingi ndiyo, lakini kuko na jambo lingine: mtu anaweza kutuma sinyali ya uongo makusudi na simu ikaiamini. Januari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lenyewe lilitaja GPS kuvurugwa na kudanganywa Kivu Kaskazini, likasema ni hatari kwa ndege za kiraia na inakwamisha misaada. Kwa hiyo hii habari ni yetu.

Simu yako haiulizi satelaiti kitu, inasikiliza tu. Kila satelaiti ya GPS iko juu karibu kilomita 20,200, inatangaza saa yake na pahali iko, na simu inapima sinyali imechelewa kiasi gani kufika, kama sekunde 0.07 hivi, ikishapata satelaiti nne inapiga hesabu ya pahali uko. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, umbali unakosea mita 300! Anayetaka kukudanganya njo anachezea hapo, kwenye muda.

Na si ngumu sana, hapo njo naogopa. Sinyali ya raia haina ufunguo wala sahihi ya kuonyesha nani ameituma, maelezo yake yote yako wazi kwa kila mtu, tena ikifika chini ni dhaifu kupita kiasi. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka kule mbali Sake halafu mwingine anaweka bafle mlangoni kwako, utasikia nani? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, wakiongozwa na Todd Humphreys, walipanda boti ya kifahari ya mita 65 kwenye Mediterania, mwenye boti akiwa amekubali, wakaanza na sinyali inayofanana kabisa na ya kweli, wakaiongeza nguvu polepole, boti ikageuka njia na hakuna alamu hata moja iliyolia. Juni 2017 meli zaidi ya 20 kwenye Bahari Nyeusi zilijikuta, kwa ramani, ziko uwanja wa ndege!

Kuziba sinyali ni kitu kingine: hapo GPS inakufa na unajua imekufa. Uongo ni mbaya zaidi juu unaendelea kuamini.

Dawa iko, ila hakuna moja inayotosha. Galileo, satelaiti za Ulaya zinazofanya kazi kama GPS, imeweka sahihi ndani ya ujumbe wake, mtu akitunga ujumbe wake mwenyewe uongo unajulikana, ingawa anaweza bado kurekodi wa kweli akaurusha tena umechelewa. Antena nyingi zinasaidia sana, juu satelaiti za kweli zinatoka pande tofauti za anga na mwongo anatoka upande mmoja. Ndege kubwa zina vipimo vya ndani vinavyohesabu mwendo bila kusikiliza mtu yeyote wa nje, GPS ikiruka kilomita kumi ghafla na ndege haijapinda, rubani anajua nani wa kuamini. Simu zetu nyingi hazilinganishi hivyo.

Kapteni wa boti ya Goma–Bukavu naye ana dira, na ana Idjwi mbele ya macho yake. Skrini ikimwambia kisiwa kiko kushoto na yeye anakiona kulia, aizime ile skrini.