Je, wajua kwa nini mashua ya mawe ya Roma imejengwa kama inayozama?

Ukizunguka Roma kwa miguu, haipiti muda kabla hujafika Piazza di Spagna, penye zile ngazi 135 ambazo kila mgeni lazima apigie picha. Chini ya ngazi kuna chemchemi ya kujengwa yenye umbo la mashua. Wenyeji huiita Barcaccia, yaani mashua kuukuu. Haielei. Imelala ndani ya birika lililochimbwa chini kidogo ya usawa wa barabara, maji yanamwagika ubavuni, mfano wa chombo kilichokata tamaa. Swali ni kwa nini Papa amlipe fundi achonge mashua inayozama.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nililigawa bure. Siku ya Krismasi ya mwaka 1598 mto Tiber ulifurika vibaya, maji yakaingia mjini, na yalipopungua yakaacha mashua imekwama hapo hapo uwanjani. Basi Papa Urbano VIII akamwagiza Pietro Bernini aifanyie kumbukumbu, na kazi ikafanyika kati ya 1627 na 1629. Hadithi tamu, ina tarehe, ina maji, ina mashua. Nimewasimulia watu wakiwa wamekaa kwenye ngazi, nikiongeza kwa sauti ya mwalimu kwamba ngazi zenyewe hazikuwepo wakati ule, zilijengwa karibu miaka 100 baadaye. Hilo la ngazi ni kweli. Furiko nalo ni kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hapo ndipo maelezo yanapoishia.

Kilichonitia shaka ni mwendo wa dakika kumi hivi kutoka hapo. Piazza Barberini kuna chemchemi ya Triton, ya mwaka 1643, iliyochongwa na Gian Lorenzo Bernini, mtoto wa yule Pietro, kwa ajili ya Papa yule yule. Triton, mungu wa bahari, amepiga magoti juu ya kome, ameinua kichwa, anapuliza kome jingine kama baragumu, na maji yanaruka kuelekea mbinguni. Sasa angalia: Papa mmoja, familia moja ya mafundi, tofauti ya miaka isiyofika 15. Huku maji yanaruka, kule yanavuja. Kama Papa alikuwa na uwezo wa kuyarusha, kwa nini pale uwanja wa pili ayaache yatambae?

Jibu ni kwamba chemchemi za Roma hazinywi chungu kimoja. Triton alijengwa anywe Acqua Felice, mfereji uliokamilishwa mwaka 1587 na kuingia mjini kwa upande wa vilima. Barcaccia ilijengwa inywe Acqua Vergine, mfereji mwingine wa kale zaidi, na maji ya Vergine huingia Roma yakiwa chini sana. Pampu za umeme hazikuwepo. Maji yalipanda kwa kiasi ambacho kimo chake kiliruhusu, na Papa hawezi kuyapa amri.

Aliyewahi kukaa kwenye nyumba yenye simtanki anaijua habari hii mwilini. Tenki likiwa juu ya mnara, bafu la chini linakupiga mgongoni kama mvua ya masika. Panda ghorofani ukaoge: maji yanadondoka kama machozi. Tenki ni lile lile, bomba ni lile lile, kilichopungua ni kimo kati ya uso wa maji tenkini na kichwa chako. Shusha tenki likae chini kwenye zege, na hata bomba la jikoni litaanza kulegea.

Au chukua ule mpira mweupe ambao fundi ujenzi huujaza maji ili apime usawa wa kuta. Anashika ncha moja, msaidizi anashika nyingine upande wa pili wa kiwanja, na maji yanatulia usawa mmoja pande zote mbili. Mpira ukipita chini ya meza au juu ya tofali haidhuru. Ila msaidizi akiishusha ncha yake chini ya usawa ule, maji yanamwagika. Akiishusha zaidi, yanatoka kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kazi yote ya mjenzi wa chemchemi wa zamani: kutafuta mahali pa kushusha ncha. Na kwa kuwa maji husuguana na kuta za bomba, hupoteza sehemu ya kimo chake njiani, kwa hiyo hata kile kidogo ulichonacho hukipati chote.

Vergine ilikuwa na kidogo sana cha kupoteza. Marcus Agrippa, jenerali wa Kirumi, aliufungua mfereji huo mwaka 19 KK. Jicho la maji liko kama mita 24 juu ya usawa wa bahari, na maji yalifika mjini yakiwa kwenye mita 20 hivi, baada ya safari ya takriban kilomita 20. Gawanya uone: sentimita 20 kwa kila kilomita. Kwenye uwanja wa mpira, kutoka goli hadi goli, ni mteremko wa unene wa kidole gumba. Watu walipima hivyo kwa vifaa vya mbao, nyuzi na maji, na mfereji, pamoja na matengenezo mengi ya karne zilizofuata, haujafa.

Hapa kuna kosa langu la pili, dogo. Nikisikia mfereji wa Kirumi nilikuwa naona matao marefu yanayokatiza mashamba. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97, aliandika kwamba mfereji huu una urefu wa hatua 14,105, na kati ya hizo 12,865 zimo ndani ya ardhi. Matao ni ya postikadi. Maji yenyewe yalisafiri gizani.

Ukishajua hivyo, chemchemi maarufu ya Trevi inabadilika mbele ya macho. Nayo ilijengwa kwa maji ya Vergine, kuanzia 1732 hadi 1762. Ukuta wake una mita 26 kwenda juu na 49 kwa upana, lakini maji hayajaribu kuushindana. Yanatokea chini ya miguu ya sanamu ya Oceanus, mungu wa bahari, na kuporomoka kwenye miamba hadi kwenye bwawa ambalo wewe mwenyewe unalishukia kwa ngazi. Jengo linapanda, maji yanashuka, na kelele zinakufanya usigundue. Siku hizi kuna pampu za kuyazungusha maji ya Trevi, kwa hiyo usiende kupima chochote pale, ila umbo limebaki lile la siku za unyonge.

Piazza Navona pia ni maji ya Vergine. Kati ya sanamu za miungu minne ya mito kwenye chemchemi ya pale, Nile amefunikwa kichwa kwa kitambaa. Waongoza watalii husema anakataa kulitazama kanisa la msanifu Borromini lililo mbele yake. Chemchemi ilimalizika 1651, kanisa likaanza mwaka uliofuata. Amefunikwa kwa sababu Ulaya haikujua mto huo unaanzia wapi. Watu wa Jinja wangeweza kuwaambia unakotokea ziwani, lakini hakuna aliyewauliza.

Tukirudi kwenye mashua: udhaifu wa maji unaeleza kwa nini chemchemi iko chini, hauelezi kwa nini ni mashua na si sinia. Huenda furiko la 1598 lilimpa Bernini wazo, na mashua inayozama ni njia ya kiungwana kweli ya kuficha kwamba maji yako hayana nguvu. Kinachotumiwa kama ushahidi wa hadithi ya furiko, yaani ile mashua kukaa chini, ndicho hasa kisichoihitaji hadithi hiyo.

Kama unataka kujaribu kwa mkono, tafuta nasone, bomba la chuma la kando ya barabara linalotiririka mchana na usiku. Yapo kama 2,500 mjini, yalianza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake hunywewa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatatoka kwenye tundu dogo la juu na kukupigia tao safi hadi mdomoni. Simama kando kwanza. Mara ya kwanza mimi niliinama juu ya tundu lenyewe, nikapokea yote puani.