Kulipa si kufutiwa kesi: dhana potofu kuhusu makubaliano ya kukiri kosa

"Wakili, sisi tuko tayari kulipa. Mwambie DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) afute kesi, ndugu yetu atoke." Kila anayetetea kesi za uhujumu uchumi pale Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ameshaambiwa hivyo. Mimi nimechoka kuyasikia maneno haya, maana mara nyingi anayeyasema ameshauza kiwanja.

Kesi haifutwi. Anayeingia makubaliano na upande wa mashtaka anakiri kosa, mahakama inamtia hatiani, kisha inampa adhabu. Kinachoondolewa ni mashtaka mengine, au shtaka zito linabadilishwa kuwa jepesi. Lile alilokiri linabaki kwenye rekodi yake, na ataulizwa habari zake akiomba kazi, leseni au viza. Fedha anayolipa ni fidia au marejesho. Mahakama bado inaweza kumpiga faini, kumfunga na kuamuru mali zitaifishwe.

Dhana hii ilikolea Septemba 2019, Rais Magufuli alipotaka washtakiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kutubu na kurejesha fedha wapewe siku saba. Mitaani kikabaki kipande kimoja tu: lipa utoke. Mwaka huohuo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliongezewa vifungu vya makubaliano, na huko hakuna kutoka kimyakimya. Makubaliano yanaandikwa, yanaeleza masharti yote na jinsi kosa lilivyotendeka, mshtakiwa anasomewa kwa lugha anayoielewa, anasaini. Mahakamani anaapishwa na kuelezwa haki anazoziacha, na mahakama lazima ijiridhishe kwamba amekubali kwa hiari yake.

Kwa hiyo ndugu, msianze na "shilingi ngapi?" Ulizeni kwanza: anakiri kosa lipi? Kukiri kukwepa kodi na kukiri kutakatisha fedha (kuzifanya fedha za uhalifu zionekane halali) ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama kiasi cha kurejesha ni kilekile. Mimi siruhusu familia iuze hata pikipiki kabla sijaiona rasimu ya makubaliano na kuisoma shtaka kwa shtaka. Na yule "mtu anayefahamiana na watu pale ofisini" msimpe hata senti. Malipo halali ya Serikali yana kumbukumbu namba na risiti. Fedha ya mkononi ni rushwa, na aliyeitoa naye anaweza kushtakiwa.

"Asaini tu atoke gereza la Segerea, tutakata rufaa baadaye." Hili linaniumiza, kwa sababu najua linatoka wapi: kosa halina dhamana, kesi inatajwa na kuahirishwa, upelelezi kila siku haujakamilika. Lakini akishakubali amejifungia rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Anaweza kuomba makubaliano yatenguliwe kama hakukubali kwa hiari, ila ataombea katika mahakama ileile iliyompa adhabu, akipingana na kiapo chake mwenyewe. Ambaye hakutenda kosa simshauri asaini.

"Hakimu atatusaidia kupunguza." Hakimu haruhusiwi kushiriki mazungumzo hayo. Kazi yake ni kuyapokea makubaliano au kuyakataa kwa sababu za msingi, na akiyakataa pande zote mbili zinaweza kurudi mezani.

"Kila kosa linazungumzika." Hapana. Uhaini, ugaidi, dawa za kulevya zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20, makosa ya kujamiiana yenye adhabu ya zaidi ya miaka mitano au ambayo mwathirika yuko chini ya miaka 18: hayo yote hayamo. Nyara za Serikali, kama meno ya tembo, zenye thamani inayozidi milioni 20 zinahitaji ridhaa ya maandishi ya DPP.

"Bila wakili haiwezekani." Inawezekana. Sheria inaruhusu ndugu au rafiki asimame na mshtakiwa asiye na wakili. Hata hivyo, kama uwezo hamna, tafuteni msaada wa kisheria kabla ya kikao cha kwanza na wakili wa Serikali. Wengi huja kwangu wakiwa na nakala iliyokwisha kusainiwa, na hapo kilichobaki cha kufanya ni kidogo sana.