"Kapiga Simu, Mpigie" Si Ujumbe

Leo tena nimekuta kikaratasi mezani: "Fundi kapiga. Kesho hawezi mpaka aongee naye. Mpigie." Nikamuuliza mwandishi wake. Kanijibu bila wasiwasi: "Si ulisema ujumbe uwe mfupi?"

Nimekaa mapokezi miaka mingi na jibu hilo limenichosha. Simu ya maandishi (telegramu) ililipiwa kwa kila neno, ndiyo maana watu walikatakata. Karatasi hailipiwi! Ujumbe mfupi ni ule ambao msomaji hana haja ya kukutafuta akuulize.

Nani kapiga, lini, anataka nini, namba yake (msomee tena, tarakimu moja moja), nani kapokea. Hayo mnayajua.

Balaa ni ile "a-". Kiswahili hutumia kiambishi hichohicho kwa fundi, bosi na mhasibu, awe mwanamume au mwanamke. "Mpaka aongee naye": nani aongee na nani? Wewe uliyepokea unajua, mazungumzo umeyasikia. Asiyekuwepo kaachiwa irabu moja tu. Watu wakifika wawili, rudia jina au cheo, hata kama mwalimu wa insha angekukata maksi.

Halafu "kesho". Ikiandikwa Jumatatu jioni, bosi akaisoma Jumanne, atadhani ni Jumatano. Na "saa 4" bila asubuhi au usiku ni kamari. "10:00" ni mbaya zaidi: mmoja anasoma saa nne, mwenzake saa kumi.

Nilimpigia fundi mwenyewe, nikaandika upya:

"Jumatatu 12/5, saa 10:20 jioni. Fundi wa jenereta: Jumanne 13/5 haji hadi mhasibu ampigie fundi. Mwisho Jumanne saa 3 asubuhi. Namba ya fundi unayo. Mapokezi."

Inaingia kwenye SMS moja ya herufi 160, na nafasi nimezihesabu.

Jambo moja bado linanishinda: mpigaji akiwa na hasira, niandike? Wengine watasema uandike maneno yake, si hisia zake. Lakini "anaomba umpigie" kwa mtu anayefoka ni nusu ya habari. Niliwahi kuandika "amekasirika sana". Bosi akampigia akiwa amejiandaa kwa vita, akakuta mtu mpole kabisa. Alikuwa amepaza sauti kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika.