Uchumi wa mtaa unapodorora: deni la biashara ndogo na haki za mkopaji

Katika miezi ya hivi karibuni, sehemu kubwa ya malalamiko yanayofika katika dawati letu la huduma kwa wananchi jijini Nairobi imetoka kwa wafanyabiashara wadogo: wauza mboga, mafundi cherehani, wenye vibanda vya chakula, wenye maduka ya rejareja na waendeshaji wa bodaboda. Karibu kila barua huanza kwa maneno yanayofanana, kwamba uchumi umeanguka na kwamba mkopeshaji amemwingiza mhusika CRB, yaani katika ofisi za kumbukumbu za mikopo. Maneno ya kwanza yanahitaji ufafanuzi. Ya pili yanahitaji kusahihishwa, kwa sababu kosa lililomo ndani yake limewapotezea watu biashara ambazo zingeweza kuokolewa.

Uchumi huhesabiwa kuwa umeingia katika mdororo pato la taifa linapopungua kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana. Kwa kipimo hicho, Kenya iliingia katika mdororo mwaka wa 2020. Takwimu zilizotolewa wakati huo na Shirika la Kitaifa la Takwimu zilionyesha pato likishuka kwa asilimia 5.7 katika robo ya pili na asilimia 1.1 katika robo ya tatu, na mwaka mzima ukafungwa kwa upungufu wa asilimia 0.3. Mwaka uliofuata uchumi uliinuka kwa zaidi ya asilimia 7, na mwaka wa 2024 ulikua kwa asilimia 4.7. Si sahihi basi kuuita kila msimu mgumu mdororo. Hata hivyo, muuza duka anayesema kwamba wateja wamepungua ilhali takwimu zinaonyesha ukuaji hasemi uongo, kwa kuwa pato la taifa ni jumla ya shughuli zote nchini, na wanaopanda na wanaoshuka huhesabiwa pamoja ndani yake.

Mwaka wa 2020, wa janga la korona, ni mfano mzuri. Kilimo kilikua, tena kwa karibu asilimia 5, wakati huduma za hoteli na malazi zilipoteza karibu nusu ya pato lake. Nairobi hailimi sana. Huishi kwa biashara, usafiri, ujenzi, elimu na huduma, na peke yake hutoa takriban robo ya pato la taifa. Kwa hivyo upungufu wa asilimia 0.3 uliotangazwa kwa nchi nzima haukufanana na uliohisiwa katika soko la Gikomba, ambako uingizaji wa mitumba ulisimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti, wala na uliohisiwa katika mtaa wa Eastleigh, ambako shughuli za kuingia na kutoka zilifungwa mwezi Mei. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo la jiji bila kibali. Shule nazo zilifungwa, na pamoja nazo wakakosa riziki wauza mandazi, wapiga chapa na madereva waliokuwa wakizitegemea.

Ninaeleza haya kwa sababu mtaani mdororo haufiki kwa jina hilo. Hufika kupitia daftari la madeni.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika duka moja la rejareja huko Kayole, nikimwomba mwenyewe anionyeshe daftari lake. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lililofungwa kwa mpira ili kurasa zisitoke. Wadaiwa hawakuandikwa kwa majina kamili. Aliandika «Baba Junior wa juu», «dada wa saluni», «fundi wa lango jekundu». Katika kurasa za mwanzo kiasi kilikuwa kidogo na kila mstari ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, ishara kwamba mteja amelipa. Kadiri tulivyofunua kurasa, mistari iliyokatwa ilipungua. Vilevile bidhaa zenyewe zilibadilika: aliyekuwa akichukua kilo ya sukari alianza kupimiwa robo, na aliyenunua chupa ya mafuta ya kupikia akaanza kununua ya shilingi 20. Huu ndio ule uchumi wa kadogo ambao kila mkazi wa Nairobi anaujua. Mnunuzi humudu siku moja moja, ingawa kwa kilo hulipa zaidi ya yule anayenunua pakiti nzima.

Muuza duka huyo alikuwa akijaza rafu kwa mkopo wa simu, na ni muhimu tuone kwa nini mkopo uliokuwa wa busara uligeuka kuwa mzigo bila mtu yeyote kufanya kosa. Tuseme amekopa shilingi 10,000 za kulipwa baada ya siku 30 kwa gharama ya asilimia 7.5, yaani atarudisha 10,750, na kwamba faida yake kwa bidhaa ni asilimia 8. Biashara ikiwa nzuri, bidhaa hizo huisha kwa wiki moja, hurudi duka la jumla kununua nyingine, na katika mwezi mzunguko huo hutokea mara nne. Faida yake ni shilingi 3,200. Akitoa 750 za mkopo, anabaki na 2,450. Biashara ikipoa hadi bidhaa zilezile zikachukua mwezi mzima kuisha, faida ni shilingi 800 tu, na baada ya gharama ya mkopo anabaki na 50. Ikiwa katika mauzo hayo ya 10,800 kuna 3,000 zilizoandikwa katika daftari, siku ya kulipa ana fedha taslimu 7,800 mkononi na anadaiwa 10,750. Wateja wake watalipa kibarua kikipatikana, lakini tarehe ya mkopo haisubiri kibarua.

Hapo ndipo wengi huchukua mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza, kisha wa tatu, na hatimaye huzima laini ya simu. Tunaomba ieleweke wazi kwamba kuzima laini hakusimamishi riba wala hakufuti deni. Mtu hukosa tu kuziona taarifa ambazo sheria inamlazimu mkopeshaji kumpelekea.

Historia ya mwaka wa 2020 inaonyesha tofauti kati ya aliyesema na aliyenyamaza. Tarehe 18 Machi mwaka huo Benki Kuu ilitangaza kwamba wakopaji walioathiriwa na janga wangeweza kuongezewa muda au kupangiwa upya malipo. Hadi mpango huo ulipofikia kikomo mapema Machi 2021, mikopo ya zaidi ya shilingi trilioni 1.6, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki, ilikuwa imepangwa upya. Sharti lilikuwa kwamba mkopaji mwenyewe awasiliane na benki yake. Kampuni kubwa na waajiriwa wenye mikopo ya nyumba walifanya hivyo. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa kwa simu mara nyingi hakufanya, kwa kuwa hakuwa na meneja wa kumwendea wala hakujua kwamba barua pepe au ujumbe wa maandishi unatosha kuwa ombi.

Kulikuwa pia na hatua za kusimamisha uwasilishaji wa taarifa mbaya za mikopo: kwa miezi sita kuanzia Aprili 2020, kisha, kwa mikopo isiyofika shilingi milioni 5, kuanzia Oktoba 2021 hadi Septemba 2022. Novemba 2022 ukaja mpango wa marekebisho uliowapunguzia angalau nusu ya deni wenye mikopo midogo ya simu iliyokuwa imeshindikana. Hatua hizi zilikuwa na tarehe za mwisho, na zimekwisha. Bado tunapokea barua za watu wanaosubiri «msamaha wa CRB» bila kulipa chochote. Hata katika vipindi hivyo, kilichosimamishwa kilikuwa taarifa; deni lenyewe liliendelea kudaiwa.

Sasa nije kwenye neno «kulistiwa», ambalo watu hulitumia wakimaanisha kuingizwa katika orodha nyeusi ya CRB. CRB ni ofisi zenye leseni za kuhifadhi kumbukumbu za mikopo, na nchini ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hakuna orodha nyeusi. Nalirudia jambo hili kwa sababu limeelezwa mara nyingi na bado halijashika. Taasisi zinazohusika hupeleka taarifa za wakopaji wote, wanaolipa vizuri na wasiolipa. Aliyelipa mikopo kumi kwa wakati yumo, na kumbukumbu hiyo inaweza kumsaidia kupata mkopo mkubwa zaidi. Mkopo huhesabiwa kuwa haulipwi baada ya kupitisha siku 90. Mkopeshaji hatakiwi kupeleka taarifa mbaya kabla ya kumpa mkopaji notisi ya siku 30, na kiasi kisichofika shilingi 1,000 hakipelekwi. Deni likishalipwa, taarifa hurekebishwa kuonyesha kwamba limelipwa, lakini historia yake huhifadhiwa kwa miaka 5 tangu siku ya kulipwa kikamilifu. Wanaojitokeza mitaani wakidai kufuta historia hiyo kwa malipo ni walaghai, na anayewalipa hana njia rahisi ya kurudishiwa fedha zake.

Kila mwananchi ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila ofisi, na cheti cha kwanza cha kuthibitisha kwamba huna deni lililoshindikana hutolewa bure. Tunashauri ripoti iombwe kabla ya kuomba mkopo, wala si baada ya kukataliwa. Ikiwa ina mkopo usioutambua, pinga kwa maandishi katika ofisi iliyotoa ripoti hiyo na utunze nakala yenye tarehe. Malalamiko ya simu yasiyo na maandishi huwa magumu kuyafuatilia, hata kwetu.

Kwa mikopo ya mabenki kuna kinga nyingine isiyojulikana vya kutosha. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi, yaani fedha zilizokopwa bila riba, kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Ikiwa ulibakisha shilingi 40,000 za msingi, riba haiwezi kupita 40,000 hata ikipita miaka mingapi, ingawa gharama halali za ukusanyaji zinaweza kuongezwa.

Wakopeshaji wa kidijitali wamekuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu tangu kanuni za Machi 2022, na orodha ya wenye leseni huchapishwa katika tovuti ya benki hiyo. Kuendesha biashara hiyo bila leseni ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mwenye leseni naye haruhusiwi kutisha, kutukana, kutangaza deni la mtu hadharani, wala kuchukua namba zilizo katika simu ya mkopaji na kuwapigia jamaa zake, mchungaji wake au mwajiri wake ili kumwaibisha. Wanaofanyiwa hivyo wengi hulipa kwa aibu na kunyamaza, jambo linalotusikitisha sana, kwa sababu ushahidi wanao tayari ndani ya simu. Hifadhi picha ya ujumbe ikionyesha namba na tarehe. Lalamika kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi. Asipojibu, peleka Benki Kuu. Suala la matumizi ya namba na taarifa binafsi lipelekwe katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2019.

Anayekuja kuchukua friji, jokofu la vinywaji au cherehani yako akidai kuwa dalali aonyeshe leseni. Kwa kanuni za madalali, hutakiwa kwanza kukabidhi hati inayoorodhesha mali na kumpa mwenyewe siku 7 za kuikomboa kabla ya kuiondoa. Kijana aliyetumwa na shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, na kuja na mkokoteni usiku hana mamlaka hayo, na tukio hilo huripotiwa kituo cha polisi. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili pale kesi ilipokwisha kufikishwa mahakamani.

Muuza duka wa Kayole niliyemtaja alitusikiliza alipokuwa bado na siku 6 kabla ya tarehe ya kulipa. Aliandika ujumbe mfupi kwa mkopeshaji akieleza mauzo ya wiki nne zilizopita, akaambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na akaomba kulipa deni lake kwa awamu tatu. Mkopeshaji alikubali awamu mbili. Alikuwa na haki ya kukataa kabisa, na wapo wanaokataa. Katika hali hiyo ombi lenye tarehe ndilo tunaloanza nalo tunapolishughulikia lalamiko, kwa hivyo anayekuja ofisini kwetu aje nalo pamoja na kitambulisho, mkataba au ujumbe wa masharti ya mkopo, na taarifa ya malipo yote aliyokwisha kufanya.