CC ndogo haili mafuta? Tufungue plagi kwanza

Wiki iliyopita alinijia gereji kijana anayetoa viazi mashambani huko mabondeni na kuvipandisha hadi barabara ya lami Isyonje. Alikuwa ameshaamua: anauza pikipiki yake ya cc 150 anunue ya 100. "Fundi, hii inabugia wese." Nikamwambia, dogo, tufungue plagi kwanza, ile inayotoa cheche ndani ya injini.

Ikatoka nyeusi tii, masizi makavu yanayopaka vidole kama mkaa. Hapo ukubwa wa injini hauna kesi. Petroli imezidi hewa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Isyonje ni juu zaidi. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikiwa imetegwa kwa hewa nzito ya pwani, ikifika huku inakuta hewa nyepesi, lakini jeti, kitundu chake cha petroli, inaendelea kumwaga karibu petroli ile ile. Inayobaki inatokea kwenye sailensa. Halafu eya klina yake, kichujio cha hewa, ilikuwa imeziba vumbi, utadhani haijawahi kuguswa.

Sasa hizo cc. Ni ujazo wa silinda ambao pistoni inaupitia ikitoka juu hadi chini. Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, ina silinda ya kipenyo cha mm 56.5 na pistoni inatembea mm 49.5: piga hesabu, utapata cc 124. Boxer 150 nayo ni cc 144.8, hiyo 150 ni jina la dukani. Silinda kubwa inameza zaidi kila mzunguko, kweli kabisa, ila wewe mafuta unayalipia kwa kilometa.

Ukiwa peke yako kwenye tambarare, spidi 50, 100 inashinda na sibishani. Ipakie gunia la kilo mia, uipandishe kilima cha udongo. Itashuka gia ya kwanza, mafuta umefungulia mpaka mwisho, injini inalia na mwendo ni wa kutembea kwa miguu. 150 inapanda na gia ya pili bila kelele. Wenye ndogo wakichoka wanafunga sproketi kubwa nyuma, lile gurudumu la meno la cheni, ipate nguvu, na hapo injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa, hata siku wanayorudi bila mzigo. Akiba yote imeishia kwenye cheni.

Usiniamini, pima. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, jaza tenki hadi shingoni, andika kilometa. Fanya kazi zako za kawaida siku tatu, ujaze tena pampu ile ile, ugawe kilometa kwa lita zilizoingia. Anayenunua ya chupa kijijini hawezi kupima hivi.

Nikasafisha eya klina, nikashusha sindano ya kabureta ngazi moja ipunguze petroli, nikafunga plagi mpya. Kwa vipimo vyake mwenyewe, kutoka kilometa 31 kwa lita sasa anapata 39, na mzigo ni ule ule. Mdogo wake anabeba abiria mmoja mmoja Mwanjelwa hadi Kabwe, hapa mjini. Huyo nilimwambia anunue 100 bila kujiuliza mara mbili, ila mshikaki asahau.

Jana wamekuja wote wawili. Plagi ya 150 imekuwa ya kahawia, kama karanga iliyokaangwa: petroli na hewa vimelingana. Mdogo mtu anauliza bei ya sproketi kubwa.